Friji Hii Haiuzwi

TANGAZO KWA UMMA. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliye katika mapumziko yasiyo ya hiari, napenda kuwajulisha wananchi wote, wake kwa waume, kwamba nimegundua kanuni inayoendesha masoko yote duniani. Nimeigundua peke yangu, bila msaada wa serikali wala wafadhili.

Naitangaza nikiwa jikoni kwa shangazi, nasugua masizi ya sufuria, na katika nyumba nzima hakuna anayenisemesha isipokuwa hiyo sufuria.

Kwa waliochelewa kufika: wiki iliyopita mliniacha kwenye geti la shule, sanduku la bati kichwani, nimesimamishwa masomo kwa kuwauzia wenzangu bahasha zenye "mtihani ulioibwa". Nililipwa kwa vipande vya sabuni. Ndani ya kila bahasha palikuwa na swali moja tu: *Je, wewe ni mwaminifu?* Niliamini hakuna atakayenishtaki, maana anayeshtaki anajitaja mwenyewe. Sikumtilia maanani kiranja mkuu, ambaye alinunua mbili, kisha akanishtaki.

Baba alisema hana macho ya kunitazama. Dada yake mkubwa akasema, "Mleteni kwangu. Kazi itamnyoosha."

Kazi ilikuja. Aliyenyooka bado hajaonekana.

Shangazi anauza friji zilizokwisha kutumika. Kibanda chake kiko katikati ya safu ndefu ya vibanda vya friji, na ndicho kilichomlea baba yangu, kikamsomesha, kikamwoza. Shangazi hana shamba, hana nyumba ya kupangisha, hana mume wa kumlilia. Ana kibanda.

Sasa sikilizeni somo, maana bila hili hamtaelewa nilivyoanguka.

Sokoni kwetu friji mbovu ina jina lake. Inaitwa kabati. Haipozi kitu, lakini ina rafu na mlango, kwa hiyo unaweza kutunzia viatu. Balaa ni kwamba friji na kabati zinafanana kama mapacha. Zote nyeupe, zote zinanguruma ukizichomeka. Muuzaji anajua ipi ni ipi. Mnunuzi hajui. Na mnunuzi anajua kwamba hajui.

Basi mnunuzi anafanya nini? Anajihami. Kila friji anaitolea bei ya kabati.

Mwenye friji nzima akisikia bei hiyo anatukanika, anaipakia kwenye mkokoteni, anairudisha nyumbani ikapoze maji ya watoto wake. Zinazobaki sokoni ni zipi? Na wanunuzi nao si wajinga, wanajua zilizobaki ni zipi. Bei inashuka tena.

Dawa ya shangazi ilikuwa ukweli. Ukweli mtupu, bila hata chumvi.

"Hii inagandisha vizuri, baba," nilimsikia akimwambia mteja siku yangu ya kwanza. "Ila mlango wake una jeuri. Ukiufunga kwa hasira, unafunguka. Ufunge kwa upole."

Mteja akamtazama juu chini. "Tatizo ni mlango tu?"

"Mlango tu."

"Mama, kama hili umenionyesha, ulilolificha ni kubwa kiasi gani?"

Akavuka kwenda kwa jirani yetu, ambaye soko zima linamwita Spika. Msidhani ni kwa heshima ya bunge. Ni kwa sababu ya kipaza sauti chake. Spika alikuwa anaapa kwa viungo vyote vya mwili wake kwamba kila friji yake ni kama mpya. Mteja akanunua kabati na kuondoka akipiga mluzi.

"Shangazi," nikasema, "si ungenyamaza tu kuhusu mlango?"

"Na ukifunguka ukamgonga mtoto wake?"

"Angeujua mwenyewe huko mbele."

"Mwanangu, mimi nikilala nataka nilale."

Nikamwona mshamba. Liwekeni hilo mahali pake, ni sehemu ya mashtaka.

Siku chache baadaye Spika akaja bila kipaza sauti, jambo lililotutia hofu zaidi kuliko habari yenyewe.

"Da' mkubwa, umesikia? Manispaa wanakuja kukagua. Kuna watu wamegeuza vibanda kuwa ghala, wanafungia mali zao humo, hawauzi. Kibanda kisichouza kinachukuliwa, anapewa mwingine. Nje huko wanaosubiri ni wengi kama siafu."

Shangazi akazitazama friji zake, zilizosimama pale kama abiria walioachwa na gari. Hakuwa ameuza hata moja tangu nifike.

"Mimi nauza," akasema.

"Unauza wapi? Unatoa mawaidha."

Jioni ile hakula. Alikaa akifuta friji moja, mahali pale pale, mpaka nikaogopa rangi itatoka.

Hapo ndipo nilipoamua kumwokoa. Ogopeni sana mtu wa rika langu anapoamua kumwokoa mtu.

Wazo lilitoka ng'ambo ya barabara. Kuna nyumba pale imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Matapeli walikuwa wamezoea kuwauzia watu nyumba zisizo zao, basi mwenyewe akajikinga. Siku hiyo wanawake wawili walikuwa wanapita na mizigo yao, mmoja akasimama.

"Nyumba nzuri hiyo," akasema.

"Umeiona ndani?"

"Ya nini? Ingekuwa mbaya si wangeshaiuza!"

Nilidondosha kitambaa cha kufutia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliishia njiani. Kizuri hasa hakiuzwi kabisa! Anayekutafuta akuuzie, ana sababu ya kukuuzia. Anayekunyima ndiye pekee asiyeweza kuwa anakudanganya.

Shangazi alipotoka na mkokoteni kwenda kununua friji za watu wanaohama, nilikata kipande cha boksi, nikaandika HAIUZWI kwa herufi kubwa, nikakitundika kwenye friji yenye mlango wa jeuri. Kisha nikakaa mbele yake kwa huzuni kama mtu anayelinda kaburi.

Mzee mmoja aliyevaa suti ya kazini akazipita nyingine zote kama hazipo.

"Hii mbona haiuzwi?"

"Ya shangazi mwenyewe hiyo, mzee. Tazama hizo nyingine."

"Nimekuuliza hizo?"

"Ataniua, mzee wangu."

"Hatakuua. Mwambie nilisisitiza."

Akasisitiza. Akalipa bila kubishana. Habari za mlango hazikuzungumzwa, maana hakuuliza, nami nilikuwa nimebanwa na huzuni.

Shangazi aliporudi alifurahi kama aliyefufuliwa. "Ulimwambia kuhusu mlango?"

"Nilimwambia, Shangazi."

"Na akanunua hivyo hivyo? Unaona! Ukweli unachelewa tu, haukosi gari."

Kile kipande cha boksi kilikuwa ndani ya shati langu, kinanikwaruza tumbo.

Kila alipotoka nilikitundika, kila aliporudi nilikivua. Tuliuza ya pili. Tuliuza ya tatu. Shangazi akaanza kula tena, akaanza hata kuimba, na sauti yake si nzuri.

Lakini Spika ana macho. Siku moja nilisikia kipaza sauti kikikohoa, kisha kikaanza kulia sokoni kote:

"Haiuzwiii! Haiuzwi, haiuzwi, haiuzwi! Njoo mama, njoo baba, ujionee isiyouzwa! Ziko nyingi!"

Kabla wiki haijaisha, safu nzima ilikuwa haiuzwi. Kila friji, kila kabati, kila mlango ulioning'inia kwenye bawaba moja. Mgeni akipita angedhani soko limegoma.

Shangazi alicheka alipoziona. "Watu wameanza kuvipenda vyao," akasema. Kwake hakukiona, maana changu kilikuwa tumboni.

Na neno likipachikwa kila mahali linakufa. Wateja wakarudia ugonjwa wao, hawamwamini yeyote, wanatoa bei ya kabati. Neno langu lililokuwa dhahabu likawa kama "kama mpya".

Ningeacha hapo, leo ningekuwa nasugua sufuria kwa amani. Lakini kanuni yangu ilikuwa inaniwasha. Nikajiambia, kama kila mtu anaandika haiuzwi, atakayeaminiwa ni yule anayekataa kweli kweli.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na friji ya bluu. Shangazi mwenyewe alikuwa amenionya: "Hiyo usiiguse. Kabati hilo. Fundi kasema gesi inavujia ndani ya ukuta wake, hapafikiki. Akiijaza leo inapoza, keshokutwa imekufa. Tutaipasua tutoe vipuri."

Fundi alikuwa ameijaza gesi kidogo kuijaribu. Siku ile ilikuwa baridi kama barua ya mwalimu mkuu. Na rangi yake ya bluu ilipendeza sana. Nikaitoa mbele niitumie kama chambo tu. Nitawanyima watu ile ya bluu, wachoke, wanunue nzima zilizo kando yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango. Naapa.

Akaja muuza maziwa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kubeba ndoo, anayepitisha maziwa nyumba kwa nyumba. Alitaka friji ili yanayobaki yasilale yakaharibika. Akafungua mlango wa ile ya bluu, akaingiza mkono, akafumba macho.

"Hii," akasema.

"Hiyo haiuzwi, mama."

"Wote mnasema hivyo."

"Wengine wanasema. Mimi nakataa." Nikaufunga mlango. "Chukua hii nyeupe."

"Mwanangu, nina wateja wananitegemea."

"Mama, hata ukilia. Shangazi anaipenda hii kuliko mimi."

"Basi nilie?"

"Usilie, mama. Haitasaidia."

Nilimnyima kwa ufundi ambao shuleni hawafundishi. Nilimnyima mpaka macho yake yakajaa kweli, na ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nikaanza kuiona ile friji ni ya thamani. Kadiri alivyoomba ndivyo nilivyoamini. Aliposhika mikono yangu yote miwili na kusema, "Nisaidie, mwanangu, nisaidie tu," nilisikia kinywa changu kikijibu:

"Haya. Kwa ajili yako tu."

Mkokoteni ulipopinda kona ndipo akili iliponirudia, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Ningeweza kukimbia. Miguu ilikuwa mizima. Sikukimbia.

"Ile ya bluu iko wapi?" shangazi akauliza jioni.

"Fundi kaichukua, anatoa vipuri."

Akaitikia kwa kichwa. Ndilo tatizo la watu wa kweli, wanadhani ugonjwa wao unaambukiza.

Sasa tufike siku ya manispaa.

Afisa alikuwa bwana mpole, shati limepigwa pasi, sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Alitembea safu nzima akisoma tu. Haiuzwi. Haiuzwi. Haiuzwi. Spika akamkimbilia.

"Mheshimiwa, ni mbinu tu ya biashara! Tunauza! Tunauza mno!"

"Kila niliyempitia amesema anauza," akajibu afisa. "Hata wenye maghala wanasema wanauza. Mimi siwezi kukaa hapa mwaka mzima nihesabu wateja. Natafuta kitu ambacho muuzaji hawezi kunidanganyia. Mtu anayetaka kubaki na kibanda ataandikaje mwenyewe kwamba hauzi? Akiandika hivyo, lazima ni kweli."

Ndugu zangu, mmesikia? Ilikuwa ni kanuni yangu ile ile. Serikali nayo ni mteja kama wengine, haioni kilichomo ndani, inasoma kilichoandikwa nje.

Akafika kwetu. Asubuhi ile shangazi alikuwa ametoka, nami nikatundika. Alirudi ghafla akiwa ameongozana na afisa, sikuwahi kuvua.

"Mama, friji hii inauzwa au haiuzwi?"

"Inauzwa, mwanangu. Inapoza vizuri, ila taa ya ndani imeungua."

"Na hii?" Akagusa kile kipande cha boksi.

Shangazi akakitazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. "Hiki sikukiandika mimi."

"Hakuna aliyeandika, mama. Safu nzima vimejiandika."

Nikasogea mbele. Nikavuta pumzi, nikasimama kama kwenye paredi. "Nimeandika mimi. Shangazi hajui lolote. Yote yalianza na mimi."

Nilitegemea ngurumo. Afisa akapiga miayo.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nne kukiri leo. Kule mwanzo wa safu amekiri mmoja. Pale kwa mwenye kipaza sauti wamekiri wawili, na mmoja wao hajaanza hata shule ya chekechea."

"Lakini mimi ni mimi kweli!"

"Hata wao walikuwa wao kweli."

"Nipe kalamu niandike, ufananishe mwandiko!"

"Herufi kubwa hazina mwenyewe." Akanigusa bega, bila ubaya. "Kila mwenye kibanda ana mtoto wa kumsukuma mbele. Mtoto hafungwi, hanyang'anywi leseni. Kukiri kwako hakukugharimu kitu, kwa hiyo mimi nikuamini vipi?"

Maisha yangu yote nimedanganya na kuaminiwa. Siku niliposema kweli, nilikuwa wa nne kwenye foleni.

"Ni huyu," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa muuza maziwa. Ndoo zake zilikuwa tupu, zimepinduliwa moja ndani ya nyingine.

"Wewe ni ndugu yao?" afisa akauliza.

"Ndugu? Nimekuja kuwashtaki!"

Kwa mara ya kwanza afisa akageuka mwili mzima. Aliyekuja kushtaki hana sababu ya kumtetea mtu.

"Huyu ndiye aliyesimama hapa na kiboksi chake akaninyima friji ya bluu mpaka nikalia. Imekufa siku ya tatu. Maziwa yamechachia ndani, nami nikayapitisha bila kujua. Sasa nikibisha hodi watu wanafunga milango. Maziwa ni meupe yote, nani atajua ya leo na ya jana? Hawataki tena kubahatisha kwangu."

"Friji ya bluu," shangazi akasema taratibu. Hakuwa anauliza.

Afisa akawaza. "Basi nimemwelewa kijana. Kiboksi ni chambo cha kuuzia. Kibanda kinauza, si ghala." Nikapumua, mapema mno. "Lililobaki ni moja. Kama waliuza bila kujua ni mbovu, hilo ni kosa la kawaida, mama arudishiwe chake, nitoe onyo, niende zangu. Kama walijua na wakaifanyia ujanja, leseni inaondoka na kibanda nakifunga leo."

Spika akaninong'oneza bila kutikisa midomo, jambo ambalo sikujua analiweza: "Sema hukujua. Mpumbavu wewe, sema hukujua."

Neno moja tu. Kibanda kilichomlea baba yangu kilikuwa kinasubiri uongo mmoja, na uongo ndiyo fani yangu. Nikafungua mdomo.

"Huyo simuulizi," afisa akasema. "Nimeshasikia watoto wa kutosha." Akamgeukia muuza maziwa. "Wewe unataka aulizwe nani?"

Muuza maziwa akanyoosha kidole. "Muulizeni huyo mama. Simjui, lakini nimepita soko zima nikiulizia kibanda hiki, na kila mtu ameniambia jambo moja: yule mama hajui kudanganya, ndiyo maana hauzi. Atakalosema yeye, mimi nitakubali."

Spika alizima kipaza sauti. Miaka yote shangazi amesema kweli na hakuna aliyemwamini, na sasa soko lote lilikuwa tayari kumwamini.

"Mama," afisa akasema, "kijana huyu alijua kwamba friji ile ni mbovu?"

Shangazi akafumba macho. Nilimjua. Nilijua angesema nini, tena kwa sauti yake ile ile ya kuelezea milango na taa zilizoungua. Angekifunga kibanda chake kwa kinywa chake mwenyewe.

Midomo yake ikaachana.

"Nilijua!" nikapiga kelele, nikimtangulia. "Aliniambia ni kabati. Aliniambia nisiiguse. Nikaitoa mbele, nikamnyima huyu mama kwa makusudi ili aitake zaidi, na ilipoondoka ningeweza kuikimbilia, nikasimama tu. Kisha nikamdanganya shangazi kwamba fundi kaichukua. Na kabla ya hiyo nilimdanganya kuhusu mlango, na kabla ya mlango nilimwona mshamba, na hakuna siku hata moja ambayo..."

"Inatosha," akasema afisa. Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Sasa nakuamini."

Akamgeukia shangazi, akanyoosha kiganja.

"Mama, naomba funguo."

Shangazi akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Tulizisikia funguo zikigongana mle ndani. Lakini mkono haukutoka. Mengine wiki ijayo, sufuria ikinipa nafasi.